Tawi Kwenye Lango la El Jaral

2 Novemba

Dada Angustias,

Leo, Siku ya Marehemu, nimekuwashia taa. Nimetia maji kwenye bakuli la bluu, juu yake mafuta, kisha nikauacha utambi uelee kama mama alivyotufundisha. Taa moja ya baba, moja ya mama, na mwaka huu moja yako. Nimeziweka dirishani jikoni, ile yako upande wa mlango kwa sababu hukupenda kubanwa.

Mafuta ni ya zile zeituni tulizookota pamoja msimu uliopita, ulipokuwa unalalamika magoti nami nikidhani unatafuta tu sababu ya kukaa. Yako kwenye ile chupa ya pombe ya anisi yenye kioo cha mikunjo. Nimeipandisha kwenye mwanga nikaona yamebaki chini ya nusu.

Jirani Petra aliingia bila kubisha, kama kawaida yake. Akazitazama taa.

"Ya mwakani utanunua dukani tu, Santi," akasema. "Marehemu hana ulimi wa kuonja."

"Angustias anao," nikamjibu.

Katika nyumba yetu hakuna marehemu aliyewahi kuwashiwa mafuta ya kununua. Novemba ijayo nataka nikuwashie mafuta ya zeituni nilizookota El Jaral kwa mikono yangu. Hilo ndilo ninalolitaka msimu huu, sina jingine. Nitakuwa nakuandikia, maana nikiongea peke yangu jikoni Petra anashtuka.

9 Novemba

Nimepanda kilima cha kanisa dogo kutafuta uyoga. Sikupata. Nikakaa kwenye lile jiwe letu nikaitazama ardhi yao.

Unakumbuka baba alivyokuwa akituonyesha kwa kidole? Kuanzia mtoni mpaka kwenye ile milima ya buluu, yote ya Markesi, bwana mkubwa wa huku. Alikuwa anasema babu yake Markesi angeweza kupanda farasi siku nzima, akala, akalala, akaamka, akaendelea, asikanyage udongo wa mtu mwingine. Halafu alikuwa anacheka na kutuambia jinsi ilivyowaponyoka. Shamba la mtoni lilipotea kwenye meza ya karata, usiku mmoja huko Seville. Bonde la ngano waliachiwa masista ili waiombee roho ya mtu fulani, na baba alisema lazima roho ile ilikuwa na kazi nyingi. Malisho ya fahali yako chini ya maji ya bwawa. Sasa hata mteremko wa mashariki, ule wa mialoni, umefunikwa na vioo vya kuvuna jua, na mbuzi hawajui waende wapi.

Kilichobaki ni El Jaral, ile nyumba nyeupe na mizeituni yake. Bibi Leocadia, mwenye nyumba hiyo, alikufa mwezi mmoja baada yako. Alizikwa na mapadri watatu, na mimi nilikwenda, maana kila mwaka alikuwa akitupungia mkono dirishani tulipoingia kuokota. Sasa Markesi na mwenye mali ni mjukuu wake, Don Gonzalo, anayeishi Madrid. Ameleta meneja kutoka kaskazini, Bwana Landa, na fundi wa kujenga lango jipya la chuma.

Ardhi yao imepungua kila kizazi, dada, lakini lango limezidi kuwa kubwa.

20 Novemba

Mvua. Nzuri kwa zeituni, mbaya kwa paa langu.

1 Desemba

Wameanza kuvuna. Nilisikia mashine tangu nikiwa kitandani. Ile inayokamata shina la mti kama mtu anayemshika mwenzake shingoni, inalitikisa, na zeituni zote zinamwagika kwenye nyavu. Nyapara ni yuleyule Cayetano, sasa ana mvi mpaka kwenye nyusi. Amenisalimia kwa kugusa kofia lakini hakusimama. Tangu siku ya mazishi yako hajawahi kusimama tukaongea.

Nilitazama lango jipya. Ule msumari wa zamani bado upo kwenye nguzo ya mawe, nadhani fundi hakujua ni wa nini. Nikashusha pumzi. Siku ya mwisho ya mavuno Cayetano atakata tawi la mzeituni, alitundike pale, na kuanzia hapo kila kilichobaki chini ni cha atakayeinama kukiokota. Kabla ya tawi, hata zeituni moja iliyobiringika barabarani ni yao. Mama alinipiga kofi kwa sababu ya zeituni kama hiyo. "Sisi ni waokotaji," alisema. "Wezi wako mtaa wa juu."

12 Desemba

Mvua tena.

18 Desemba

Petra kaja na habari. Kuna kibao langoni: MARUFUKU KUINGIA. Mali binafsi. Picha ya mbwa.

"Mbwa gani?" nikamwuliza. "El Jaral hakuna mbwa."

"Ni picha tu, mwenzangu. Wamekosa hela ya mbwa."

Tukacheka. Lakini nikaenda kutazama baadaye, peke yangu. Msumari bado upo.

25 Desemba

Krismasi. Watoto wa Petra walikuja na matari, wakaniomba chupa ya anisi waikwangue kwa kijiko kama ulivyokuwa unafanya. Ulikuwa unaipiga mpaka baba anaziba masikio. Nikawaambia chupa ina mafuta, haitalia. Waliona nimekasirika. Sikukasirika. Sikutaka tu mtu mwingine aishike.

Nimekula mkate na mafuta na sukari juu yake, chakula chetu cha kujificha. Mafuta hayo niliyanunua dukani. Yale yako siyagusi.

8 Januari

Mashamba yote ya jirani yamemaliza. Kwa Montoro tawi limetundikwa tangu Jumanne na wanawake wa kule wameanza. Cha ajabu, El Jaral nako mashine zimeondoka, nyavu zimekunjwa, wavunaji wamelipwa na kwenda zao. Lakini tawi halipo.

Nilimngoja Cayetano nje ya baa.

"Mmemaliza?" nikamwuliza.

"Karibu."

"Karibu ndiyo nini, Cayetano? Mashine zenu nimeziona barabarani zikienda Jaén."

Akatazama viatu vyake. "Mimi napokea amri, Santi. Nimebakiza mwaka mmoja nipate pensheni."

"Sikukuuliza pensheni. Nimekuuliza tawi."

Akaingia ndani. Dada, nakuambia ukweli, nilishukuru kwamba hukuolewa naye. Miaka yote ile ya kukuletea ua la mlozi kila Februari, na mgongo wenyewe hana.

15 Januari

Upepo mkali. Zeituni zilizosalia zitakuwa zimeanguka zote. Tawi halipo.

17 Januari

Tawi halipo.

22 Januari

Leo tumekwenda wote: mimi, Petra, na wanawake kumi hivi, na waume wawili waliokuja kwa sababu wake zao waliwakazia macho. Tulikwenda mchana, kwa mguu, mpaka langoni. Bwana Landa alitoka. Ni kijana mwembamba, ana koti zuri, na ana adabu, hilo siwezi kumnyima. Anaongea nasi kama daktari anayeongea na wagonjwa.

"Mabibi, nawaelewa," akasema. "Lakini nimeambiwa desturi yenu ni kwamba mnaingia mavuno yakiisha. Mavuno hayajaisha."

"Mashine ziko wapi?" Petra akauliza.

"Kuna miti michache nyuma ya kisima haijaguswa. Mnaweza kuiona kutoka barabarani."

Kweli, tuliiona. Mistari miwili ya miti, imejaa, myeusi kwa zeituni, katikati ya shamba lililovuliwa nguo.

"Itavunwa lini?" nikauliza.

"Itakapofaa."

"Hiyo ni lini, bwana?"

Akatabasamu. "Mama, sheria si yangu. Ni yenu."

Basi tukaelewa. Ameiacha ile miti kwa makusudi. Mwisho wa Februari trekta litalima chini ya mizeituni, zeituni zote zitafukiwa, na hakuna atakayesema kwamba Markesi amewafukuza waokotaji. Atasema wenyewe hawakuja. Na mtu akiingia kabla ya tawi, ni mwizi kwa sheria yake na kwa sheria yetu.

Tulipokuwa tunarudi, mume wa Paqui, mmoja wa wale waume wawili, alisema kuna tundu kwenye ua upande wa bwawa, mtu anaweza kupita alfajiri.

"Pita wewe," nikamwambia. "Ukikamatwa usimtaje dada yangu wala mama yangu."

Walishangaa. Hawajazoea kunisikia nikipandisha sauti. Wewe ndiye uliyekuwa unapandisha kwa niaba yetu sote.

30 Januari

Umande umeganda mpaka saa nne. Mabomba yamepasuka kwa Petra. Tawi halipo.

1 Februari

Nimeona trekta la El Jaral likipakwa grisi.

3 Februari

Cayetano kaja nyumbani. Alisimama mlangoni na ua la mlozi mkononi, la kwanza mwaka huu, akanipa bila kusema ni la nani. Nikaliweka kwenye bilauri mbele ya picha yako. Nikamwekea kahawa. Sikumwekea biskuti.

Akakaa akigeuza kofia.

"Alikuwa ananicheka," akasema. "Angustias. Alikuwa anasema mimi naweza kumvunia hata Markesi aliyekwisha zikwa, ila siwezi kujivunia mke."

"Alisema hivyo?"

"Kila Februari."

Nilicheka, dada, sikuweza kujizuia. Naye akacheka, halafu akafuta pua kwa mkono wa koti. Akaniambia Landa alimwuliza kuhusu desturi zetu mwezi wa kumi na moja, naye akamweleza yote kwa moyo mweupe, msumari, tawi, na kwamba hakuna mtu wa hapa anayeingia kabla. Alidhani meneja anataka kuiheshimu. Siku aliyoamriwa aiache ile miti ndipo alipoelewa amemfundisha nini.

"Ile miti tu ndiyo imebaki?" nikamwuliza.

"Ile tu. Watu kumi na wawili wenye fito wanaimaliza kwa siku."

Alisema hivyo kama mtu anayeongelea hali ya hewa. Sijui kama alijua anachosema. Mimi nilikuwa na birika mkononi, nikalirudisha jikoni taratibu.

Wewe ungelisema palepale. Mimi ilinichukua mpaka Cayetano alipofika barabarani. Nikatoka na kandambili nikamwita.

"Cayetano! Kama mavuno yao hayajaisha, sisi tutawamalizia."

6 Februari

Mikono inauma kiasi kwamba kalamu inaniponyoka, lakini lazima nikuambie yote leo.

Tulikutana uwanjani asubuhi kweupe, watu wote wakituona, maana nilisema hakuna kujificha. Tulikuja na fito za baba zetu, zile ndefu za kupigia matawi, tulizozishusha darini zikiwa na utando wa buibui. Petra alileta mapazia ya zamani badala ya nyavu. Magotini nilifunga vile vipande vyako vya tairi, na fundo nikalifunga upande wa kushoto kama wewe. Nikamtuma Paqui kwa Kopla Benjumea wa kituo cha polisi akamwambie tunakwenda El Jaral, asije akasumbuka kututafuta.

Lango lilikuwa wazi kwa sababu Don Gonzalo alikuwa na wageni waliokuja kuwinda kware, magari yanaingia na kutoka. Tukapita chini ya picha ya mbwa. Petra akaibwekea.

Tukaenda moja kwa moja nyuma ya kisima. Njiani ardhi ilikuwa nyeusi kwa zeituni zilizoanguka, dada, unazikanyaga zinapasuka. Hakuna aliyeinama. Nilikuwa natazama nyuma kila mara, na hakuna aliyeinama. Mume wa Paqui alitembea akiangalia mbingu kama padri.

Tukatandaza mapazia, tukaanza kupiga. Nilikuwa nimesahau sauti yake. Mashine haingurumi kama ule mlio wa fito nyingi kwa pamoja, na zeituni zikishuka kama mvua ya mawe. Petra alianza kuimba ule wimbo wa matusi kuhusu padri na mke wa mwokaji. Baridi ilinitoka mwilini. Kwa mara ya kwanza tangu tukuzike Agosti nilisahau kwa muda kwamba haupo, nikageuka kukuambia uvute pazia.

Landa alikuja mbio, koti lake limeshika miiba.

"Mnafanya nini? Huu ni wizi!"

"Tunavuna," nikamwambia.

"Zeituni za nani?"

"Za Markesi. Tunampelekea nyumbani."

Akapiga simu. Kopla Benjumea alifika tukiwa kwenye mstari wa pili. Akasimama, mikono kiunoni, akatazama magunia.

"Nimeitwa kwa wizi," akasema. "Mama zangu, haya magunia yanakwenda wapi?"

"Mlangoni kwa mwenyewe," Petra akasema. "Na wewe ukitaka kusaidia, mgongo unao."

"Wameingia bila ruhusa!" Landa akasema.

"Hilo naliandika," kopla akasema. "Lakini naandika polepole." Akakaa juu ya ukingo wa kisima.

Tulimaliza jua likiwa limeanza kushuka. Hatukuacha hata zeituni moja juu, na zilizoruka nje ya mapazia tulizirudisha. Tukabeba magunia mpaka uani, mbele ya ile nyumba nyeupe. Wageni walikuwa nje na bilauri zao na kware waliokufa wamepangwa chini. Don Gonzalo alitoka kwenye kundi lao. Ana pua ya nyanya yake, Bibi Leocadia. Nilimwona alipokuwa mtoto wa shati la mabaharia, ulimpa lozi.

Nikashusha gunia langu mbele yake. Nikasema, "Bwana mdogo, haya ni mavuno yako. Meneja wako alikosa watu wa kuyamaliza. Tumeyamaliza. Hatutaki malipo."

"Nani aliwatuma?"

"Tumejituma."

Mgeni mmoja akacheka. Don Gonzalo akawa mwekundu. "Nyinyi ni watu wa ajabu. Mnataka zeituni zilizooza chini, mngeniomba."

"Hatujawahi kuomba," nikasema. "Nyanya yako hakuwahi kutupa na sisi hatukuwahi kumwomba. Likitundikwa tawi, tunaingia. Babu yake baba yako aliikuta desturi hii hivyo. Mmepoteza mto, mmegawa bonde, mmeuza mteremko. Hiki hamwezi kukiuza, kwa sababu si chenu."

Sijui nililitoa wapi hilo. Nadhani ni lako.

Landa akasema kwa sauti ya chini lakini tulimsikia, "Tawi hutundikwa na nyapara wa shamba. Si wao."

Basi sote tukamtazama Cayetano. Alikuwa amesimama kando ya banda la trekta, peke yake. Sikutegemea kitu. Akatoa kisu mfukoni, akaufuata ule mzeituni mzee wa uani, akakata tawi, akatembea mpaka langoni kwa ule mwendo wake wa kuchechemea. Ilimchukua muda. Akalitundika kwenye msumari, akavua kofia.

Landa akamfuata. "Kesho usije kazini."

"Kesho sikupanga kuja," Cayetano akasema. "Nitakuwa naokota zeituni."

Kopla Benjumea akafunga kitabu chake. "Mimi nimezaliwa hapa," akamwambia Don Gonzalo. "Tawi likishakuwa juu, hapa sina kazi." Yule bwana mdogo akamtazama Landa, akawatazama wageni wake, kisha akaingia ndani. Hakusema tuingie. Hakusema tusiingie. Dirisha la Bibi Leocadia lilikuwa limefungwa, lakini mimi nililipungia.

7 Februari

Tumeokota tangu jua kuchomoza. Baridi. Vidole haviandiki.

8 Februari

Tumeokota. Cayetano ana gunia lenye tundu, anaacha njia ya zeituni nyuma yake na Paqui anamfuata akiziokota. Hakuna aliyemwambia.

9 Februari

Trekta limeanza kulima, wiki mbili kabla ya kawaida. Limeanzia upande wa barabara. Sisi tulikuwa tunarudi nyuma mbele yake, mti kwa mti, tumepiga magoti, udongo unageuka nyuma ya miguu yetu. Hakuna aliyekimbia. Dereva, ambaye ni mtu wa Montoro, alikuwa akifika karibu nasi anasimamisha trekta na kuwasha sigara. Alivuta sigara nyingi sana leo.

10 Februari

Mvua. Trekta limekwama kwenye matope. Asante kwako, kama ni wewe.

21 Februari

Nimetoka kinuni. Zeituni zangu zimenipatia dumu moja la mafuta na kidogo juu. Ya kijani, yanakwaruza koo, kama ulivyoyapenda.

Wanasema Landa ameagiza msumari ung'olewe. Cayetano amesikia na kunionyesha mfukoni: anao mwingine, na nyundo. Kwa sasa anakula kwangu mchana, kwa sababu pensheni bado haijulikani. Siku hizi namwekea biskuti. Nilikosea juu ya mgongo wake, dada. Upo. Ulikuwa unangoja tu aache kutazama viatu vyake.

2 Machi

Angustias,

Nimeosha chupa ya anisi kwa maji ya moto. Yale ya zamani yaliyobaki niliyamimina kwenye bakuli la bluu nikakuwashia taa, ingawa si mwezi wake. Padri akijua atasema nimechanganya kalenda. Na aseme.

Kabla sijaijaza tena niliikwangua kidogo kwa kijiko, taratibu, nikiwa peke yangu. Inalia vilevile.

Halafu nikaijaza mpaka shingoni. Novemba utawashiwa haya. Na Desemba wataanza tena kuvuna, na wakitubakizia mti mmoja tutauvuna huo mmoja, na wakijenga lango lingine tutapita chini ya hilo lingine. Fito sijazirudisha darini. Ziko nyuma ya mlango.

Magoti yangu sasa yananiuma kama yako. Huko uliko, jioni mnapoketi na mama na baba mkawataja watu wenu mmoja mmoja, naomba unikumbuke na mimi.